Disketi ya Kumi na Tatu

Wapo watu wanaoamini kwamba mashine haina mambo ya gizani. Mujuni alikuwa mmoja wao, mpaka jioni ile ya mwaka 1999 alipotumwa Muleba na begi lenye disketi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mujuni alikuwa fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa kahawa wenye ofisi pale Bakoba. Mradi ulikuwa umepeleka kompyuta kuukuu kwenye tawi la Muleba, na tawi likaomba seti yake ya disketi za kusimika mfumo, zote kumi na tatu. Mujuni alitakiwa azitolee nakala disketi alizobeba, aache nakala, arudi na zake. Basi lilipata pancha Muhutwe, akafika jua linazama na mvua ikinyunya. Karani wa stoo akamkabidhi ufunguo, akajifunika mfuko wa nailoni kichwani na kwenda zake.

Kunakili disketi kwenye mashine yenye tundu moja kunataka subira ya kungoja mkungu wa ndizi uive. Unaingiza ile yenye kitu, mashine inasoma. Krr... krr... kach. Unaitoa, unaingiza tupu. Krr... krr... kach. Unaandika namba, unaanza nyingine.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Joackim Lwakatare, mtu wa Maruku. Walikaa meza moja miaka sita. Joackim alikuwa akitafuna akamwani, kahawa yetu ya kuchemshwa na maganda yake, ile anayopewa mgeni, kutwa nzima mpaka ofisi ikanuka kama nyumba yenye wageni.

"Usisimike mfumo kwa disketi za asili," alikuwa akimwambia. "Toa nakala kwanza. Na kama kuna kitu hutaki kifutwe, fungua hiki kidirisha cha kona. Kikiwa wazi, mashine haiwezi kuandika juu yake."

Joackim alikufa mwaka uliotangulia. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu.

Na hapo ndipo aibu ya Mujuni inapoanzia. Wiki ile ile ya msiba, kompyuta ya mkuu wa mradi iligoma. Disketi za asili zilikuwa zimeanza kuota ukungu kwa unyevu wa ziwa, ikabidi zinakiliwe upesi. Mujuni alikuwa na tupu kumi na mbili. Ilipungua moja, na madukani hazikuwapo. Akafungua droo ya marehemu, matanga hayajaanuliwa, akakuta disketi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu: NYUMBANI. Kidirisha kilikuwa wazi. Alikiona vizuri sana. Akakisukuma kwa ukucha kikafunga, akabandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani, akaandika 13.

Hakuangalia kilichomo. Alijiambia ni barua tu.

Wiki mbili baadaye mjane, Ephrasia, akaja ofisini.

"Shemeji," alisema, "Joackim aliniambia wosia ameuandika kwenye disketi. Kibanja cha Maruku amewaachia wasichana wake. Alitaka kuuchapa awapelekee wazee wa ukoo waweke saini, hakuwahi. Hukuiona?"

"Sikuiona, shemeji."

Uongo wa maneno mawili. Bila maandishi, Rweyemamu, kaka wa marehemu, alikichukua kibanja kimila, migomba, mibuni na kaburi la Joackim humo humo ndani. Ephrasia na wasichana wake wawili wakahamia kwa dada yake, hapo hapo Muleba. Mujuni alisikia kwamba mjane hakukata tamaa, kwamba ukoo umekubali kukaa kikao cha mwisho. Alisikia, akanyamaza. Njia ya kwenda nyumba ile aliijua, na kila alipofika Muleba aliikwepa kama mtu anayekwepa mbwa.

Basi jioni hiyo akanakili ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Akaingiza mkono begini kuchukua ya kumi na tatu.

Karatasi ya juu ilikuwa imebanduka. Kwa kalamu ya bluu iliandikwa NYUMBANI.

Kidirisha kilikuwa wazi.

"Unyevu huu," alijisemea, akaingiza disketi.

Krr... krr... krr...

Kach haikuja. Mashine iliendelea kukwaruza, polepole, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo zito. Mujuni akasimamisha kazi, akaagiza mashine imwonyeshe kilichomo. Kulikuwa na faili moja. Nyumbani. Akaitoa, akaingiza nakala ya kwanza, aliyoimaliza muda si mrefu. Nyumbani. Ya pili, ya tano, ya kumi na mbili... zote Nyumbani. Na vidirisha vyote, ambavyo aliviacha vimefungwa, vilikuwa wazi.

Umeme ukakatika.

Nje, Muleba nzima ilizama gizani. Taa ya ofisi ilizimika, feni ilisimama. Kioo cha kompyuta kiliendelea kuwaka.

Ndipo ikaja harufu. Akamwani.

Mujuni alitazama meza. Kando ya mkono wake yalikuwapo maganda matatu ya kahawa, yameng'atwa, bado yana mate.

"Joackim?" alinong'ona.

Kiti kilicho nyuma yake kililia, kama kinavyolia mtu anapokikalia. Mujuni hakugeuka. Hata leo hasemi kwamba aligeuka.

"Ulikiona kidirisha," sauti ilisema, chini kabisa, bila hasira. Afadhali ingekuwa na hasira.

"Nilikiona. Nisamehe, kaka."

"Andika."

Maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, herufi moja moja. Mujuni akanyakua karatasi na kalamu. Aliandika huku machozi yakimtiririka. Mpaka wa juu, emilamula minne, miti niliyoipanda na baba. Mpaka wa chini, kisima. Kibanja hiki ni cha Elieth na Consolata, binti zangu, na mama yao asiondolewe humo mpaka afe. Aliandika mpaka vidole vikafa ganzi, na mstari mmoja ulipofutika juu, mwingine ulikuwa umeshafika chini.

Umeme uliporudi, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Disketi zote kumi na tatu zilikuwa na mfumo tu, safi, kama zilivyotakiwa kuwa. Maganda ya kahawa hayakuwapo. Karatasi ilikuwapo.

Asubuhi, bila kupata hata lepe la usingizi, alikwenda kwa Ephrasia. Safari hii hakupita mbali.

"Karibu, waitu," Ephrasia alisema kwa heshima, akamsogezea kiti barazani. Mujuni akaweka begi chini ya kiti, akampa karatasi kwa mikono miwili.

"Mwandiko ni wako, shemeji."

"Nimenakili."

"Kutoka wapi?"

Njia nzima alikuwa amejiapiza kusema kweli. Ila aliona macho ya yule mwanamke, na ujasiri ukamwishia.

"Kwenye... makaratasi ya zamani ya ofisi."

Ephrasia alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwa emilamula alifumba macho kidogo. Alipofika mwisho hakulia. Aliingia ndani na kurudi na kisahani cha akamwani, akakiweka mbele ya mgeni wake.

"Na huu mstari wa mwisho," aliuliza kwa upole, "nao uliunakili?"

Mujuni hakukumbuka mstari zaidi ya ule wa mama yao. Alipokea karatasi. Ulikuwapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, na ile M yake yenye mkia:

*Mujuni atakuja kikaoni aseme alichokifuta. Asipokuja, nitamleta mwenyewe.*

"Kikao ni Jumamosi, saa nne," Ephrasia alisema. "Maruku, pale pale kibanjani."

Mujuni alichukua punje moja ya kahawa, maana kukataa ni kumtukana mwenyeji. Haikutafunika.

"Nitakuja, shemeji."

Chini ya kiti, ndani ya begi lililofungwa zipu, mbali na mashine yoyote...

Krr... krr...

Alisubiri kach. Haikuja. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano, siku tatu kabla ya kikao.