Nilimlazimisha Kutaja Jina Lake Mbele ya Kamera

Kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza apige magoti mlangoni kwa mwalimu wake, amwombe afute sura yake kwenye mkanda wa video? Swali hilo lilinijia siku ile nimesimama na kibuyu cha maziwa mkononi... na jibu lake sikulitafuta!

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sanaa za maonyesho, na sikuwa na kitu hata kimoja ninachokiamini. Kanisa la wazazi wangu, chama, wazee, ndoa... vyote nilivihoji, na vingi nilivicheka. Baba, mkulima wa mahindi na ulezi, alikuwa akisema amenisomesha ili apate mtu wa kumbishia nyumbani.

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Soko lilikuwa limefunguliwa, na hata kwetu Sumbawanga vibanda vya video viliota kama uyoga. Miradi nayo ikatufuata! Mmoja ukaniajiri kufundisha wanafunzi wa sekondari moja ya mjini kutengeneza filamu na kujieleza kwa mwili.

Wasomaji wenzangu, mradi wenyewe mngeuona! Semina ya siku tatu, makaratasi makubwa ukutani, soda na biskuti, na mratibu kutoka Dar es Salaam anayetamka neno "uwezeshaji" kila akivuta pumzi. Kisha tukapewa kamera moja ya begani, televisheni moja na jenereta linalokohoa. Basi, nendeni mkawakomboe watoto!

Walimu wenzangu walikiita kipindi changu "kipindi cha kujinyonganyonga". Nikipita ofisini kwao, mmoja lazima angeuliza, "Madamu Tekla, leo mnajinyonganyonga saa ngapi?" Wengine hoi kwa vicheko. Niliwadharau. Watu wa chaki na fimbo, wenye notisi za mwaka arobaini na saba! Lakini niliyemdharau kuliko wote alikuwa mkuu wa shule, Mzee Sikazwe, na koti lake la kahawia lililopauka mabegani. Kwangu alikuwa mfano kamili wa woga wa nchi hii: mtu wa kugonga mihuri na kunyamaza.

Katika darasa langu alikuwamo binti mmoja, mrefu, mwembamba, mwenye miguu ya mtu aliyezoea kutembea mbali. Kwenye daftari la mahudhurio aliitwa Yustina Deusi, wa kijiji cha Mollo. Wenzake walimtania, "Mfipa gani wewe hujui hata kusalimia Kifipa?" Siku moja nilimsemesha Kifipa mimi mwenyewe. Akatabasamu, akainamisha kichwa, hakujibu. Mimi ninayehoji kila kitu... sikuhoji!

Zoezi la mwisho la filamu yetu lilikuwa hivi. Kila mwanafunzi asimame peke yake uwanjani mbele ya kamera, ataje jina lake, kisha auache mwili ueleze yeye ni nani. Wengine walifanya vizuri. Mmoja alipepeta ulezi bila ungo, mwingine akavuta wavu, ungeapa umeona samaki.

Yustina akasimama kama mti wa bendera. "Naitwa Yustina Deusi." Mikono imeganda ubavuni.

"Rudia," nikamwambia.

Akarudia. Nikamwambia tena. Upepo wa Juni ulikuwa ukikata, watoto wanatetemeka ndani ya sweta, mimi nimeng'ang'ana na kamera begani. Nilimrudisha mara tano, mara sita... Mwishowe nikapiga kelele mbele ya darasa zima, "Mwili wako unasema uongo! Mimi sitaki jina la daftari, nataka wewe! Wewe ni nani?"

Akanitazama. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mimi ni Kabula," akasema. "Kabula binti Masanja. Kwetu Ilemba."

Kisha akacheza! Alipiga mluzi, akainua fimbo isiyokuwepo, akaswaga ng'ombe wasiokuwepo, akaruka, akakanyaga ardhi kwa visigino hadi vumbi likapanda. Mimi nikasikia nywele zikinisimama. Nilipata nilichokitaka!

Mnajua niliwaza nini, mimi msomi? Niliwaza kwamba Yustina ni jina la ubatizo na Kabula ni jina la nyumbani, na kwamba binti huyu, kwa msaada wangu mimi, ametupilia mbali jina la wamisionari na kurudi kwenye asili yake. Nilikwenda nyumbani nikaandika kurasa mbili kuhusu jambo hilo. Kurasa mbili za upuuzi!

Siku iliyofuata, baada ya vipindi, ndipo alipokuja kwangu na kile kibuyu.

"Shikamoo madamu. Nimekuletea maziwa mgando." Akapiga magoti pale pale kizingitini. "Madamu, naomba ile sehemu yangu uifute."

"Kwanza inuka. Kwangu hatupigi magoti. Kwa nini niifute?"

"Naomba tu, madamu."

"Unaona aibu?"

Akasema, "Ndiyo, madamu. Aibu."

Nikampa hotuba! Nikamwambia msanii haoni aibu, kwamba wanawake wa nchi hii wamefunikwa vya kutosha, kwamba siku moja atanishukuru. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema asante, akaondoka. Maziwa niliyanywa.

Mzee Sikazwe alipoutazama mkanda kabla ya maonyesho, aliniita ofisini. "Mwalimu, kipande cha Yustina kitoe."

"Sababu?"

Akatupa jicho kwenye mlango uliokuwa wazi, upande wa pili karani anapiga chapa. "Kitoe tu."

"Mzee, mimi sifanyi kazi kwa kitoe tu. Nipe sababu."

"Sababu ni kwamba mimi ndiye mkuu wa shule hii."

Nilitoka pale nikicheka! Nikampigia mratibu simu, nikamweleza kwamba kuna dikteta mdogo anataka kubana sanaa. Mratibu akafurahi kweli kupata dikteta. Barua yake ikaja, mkanda ukaonyeshwa mzima.

Siku ya wazazi, bwalo lilijaa. Mbele walikaa wageni: mratibu, ofisa elimu, na mzee mmoja wa Mollo, mwenye sauti kama ya mnadani. Kabula akatokea kwenye televisheni, akataja jina lake. Nikajisemea, haya ndiyo mafanikio.

Yule mzee akapasua kicheko. "Ala! Huyu si mtoto wa Masanja, yule Msukuma mfuga ng'ombe kule Ilemba? Yustina wa Deusi ninamjua, jirani yangu! Ameolewa kule Kabwe ziwani tangu mwaka jana, sasa ana mimba!"

Watu wakacheka. Ofisa elimu hakucheka. Aliomba daftari la wanafunzi.

Ndipo nilipoelewa, pamoja na umati wote. Yustina alifaulu darasa la saba, akaozwa kwa mchuuzi wa dagaa. Kabula alikosa nafasi kidogo tu. Baba zao wakakubaliana, jina likahama, na Mzee Sikazwe akafumba macho ili nafasi ile isipotee. Mambo hayo yalifanyika sana, kila mtu aliyajua. Kila mtu isipokuwa mimi!

Kabula alifukuzwa wiki ile ile. Ofisa elimu alisema mbele ya wanafunzi mstarini kwamba ameiba nafasi ya mtoto mwingine mwenye haki. Mzee Sikazwe alivuliwa ukuu wa shule. Nilimfuata akifungasha vitabu vyake, nikamuuliza, nikiwa nalia, kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie wewe?" akasema. Hakupandisha sauti. "Binti yangu, mdomo wako hauna komeo. Jambo la darasani saa nne, saa sita umeshawapigia Dar es Salaam."

Nilikwenda Ilemba. Masanja alinipa kigoda, akaniuliza habari za safari. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema binti amekwenda na mjomba wake na mifugo, ng'ambo ya Ziwa Rukwa, na mvua zikikatika ataolewa. Mkewe hakutoka ndani.

Na mimi je? Mimi nilipata barua ya pongezi! Mkanda wetu ukawa wa mfano, ukatembezwa kwenye semina nyingine, watu wakala biskuti wakimtazama Kabula akilia.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi vijana mliosoma mkaona kila anayenyamaza ni mwoga... tafadhalini! Mtoto akiwaambia "naomba tu", acheni hotuba. Zimeni kamera, fungeni mlango, mkae naye chini. Ukweli wa mtu si mali yenu hata kama umewasisimua. Mimi nilihoji Mungu na serikali, nikashindwa kumuuliza mtoto mmoja kwa upole anaogopa nini.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwa maneno ya yule ofisa. Nilijiambia kwamba walau kuna mtoto mwingine, mwenye haki, aliyepata nafasi ile. Mwaka juzi nikakutana mjini na mwanafunzi wangu mmoja wa darasa lile, sasa ni muuguzi. Nikamuuliza ni nani aliyeletwa kuchukua nafasi ya Kabula. Akanishangaa. Hakuletwa mtu. Dawati lile lilikaa bila mtu mpaka walipomaliza kidato cha nne.