Kisasi cha Kipaza Sauti

Kila asubuhi Régine alipotoka bombani na bidoni ya maji kichwani, alikuwa akitangaza. Alitangaza kila alichopishana nacho njiani: pikipiki zilizotimua vumbi jekundu, mandazi ya moto, magunia ya viazi yaliyoshushwa kutoka Djugu, hata mbwa wa jirani aliyelala mlangoni. Majirani wa mtaa ule wa Bunia walikwisha kumzoea. Wengine walimwita "Radio", naye jina hilo lilimpendeza.

Régine alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na mama yake mdogo, Léontine. Wazazi wake walikuwa wamerudi kijijini, upande wa Djugu, kujaribu kulima tena shamba walilolikimbia. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, ingawa hakuna aliyethubutu kusema zimenyamaza kwa muda gani, kwa hiyo walimwacha Régine mjini ili asome. Mama Léontine alipata riziki kwa kupika sabuni pamoja na wanawake wengine katika ua wa Mama Gertrude, mwenye duka la sabuni katika soko kuu.

Sokoni, maduka mengi yalikuwa na kipaza sauti kilichofungwa juu ya mlango, kikirudia tangazo moja tangu asubuhi hadi jioni. Karibu matangazo yote yalikuwa na sauti ya mtu mmoja tu, Michée, kijana wa darasa la mwisho la sekondari. Michée hakuwa mfanyakazi wa duka lolote. Mfanyabiashara alimwita, alisoma tangazo, alilipwa, kisha alikwenda kwa mwingine. Régine aliposikia kwamba mtu anaweza kuishi kwa sauti yake namna hiyo, hakuweza kufikiria kazi nyingine.

Siku moja baada ya masomo alijipa moyo akaenda kwenye studio ya Sébastien, fundi aliyerekodi matangazo hayo. Studio yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la kutengeneza simu. Kuta zake zilifunikwa kwa magodoro ya zamani ili kelele za jenereta zisiingie. Wateja kadhaa walikuwa wamekaa kwenye benchi, na Michée alikuwa amesimama mlangoni.

Sébastien alimsimamisha Régine mbele ya maikrofoni, akampa karatasi yenye tangazo la chumvi. "Soma kama unasemesha mama yako," alimwambia. "Usipige kelele. Mikro inasikia hata mate kinywani."

Régine alianza kusoma. Sauti yake ilitetemeka, ikapanda, kisha ikakatika katikati ya sentensi. Hapo Michée akatoa mlio mrefu wa mbuzi.

"Yaya Sébastien, kaka yangu, na sauti hii tutauza nini?" aliuliza. "Mbuzi imetoka Djugu, basi itangaze mbuzi."

Wateja wote wakacheka.

"Michée, acha," Sébastien alisema, lakini naye alikuwa akitabasamu. Kisha alimgeukia Régine. "Mutoto, sauti yako haiko mubaya. Inakosa pumzi tu. Ukitaka, ukuje usikilize namna wengine wanafanya."

Régine alimrudishia karatasi akatoka. Kabla wiki haijaisha, mlio ule ulikuwa umefika shuleni. Alipoitwa kusoma mbele ya darasa, mtu alilia kama mbuzi kutoka madawati ya nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. Régine alisoma hadi mwisho. Siku hiyo aliapa moyoni kwamba Michée atalipa.

Alirudi studio, na alirudi tena na tena. Alikaa kwenye kona, akanyamaza, akatazama. Alijifunza kunywa maji ya vuguvugu kabla ya kurekodi na kutokula karanga, maana zinakwaruza koo. Alijifunza kuweka alama kwenye karatasi pale pa kuvuta pumzi, na kugeuza mdomo kidogo asije akapuliza mikro. Nyumbani alijifunika blanketi kichwani na kusoma kwa sauti chochote alichokipata. Mara nyingine alichoka akataka kuacha. Hapo aliukumbuka ule mlio, akaanza upya. Alijiona akimnyang'anya Michée duka moja baada ya jingine, mpaka abaki hana pa kusema.

Mama Léontine alimwazima simu yake ili arekodi namna Michée anavyopumua. Ndivyo ilivyotokea kwamba, alasiri moja, simu hiyo ilikuwa ikirekodi mfukoni mwa Régine wakati Michée alipomaliza kusoma tangazo la Mama Gertrude: "Sabuni ya Mama Gertrude, laini kwa mikono, kali kwa uchafu." Sébastien alizima mikro yake. Michée akanyoosha mgongo na kucheka.

"Laini ya nini?" alisema. "Ile sabuni inakula mikono kama maji ya betri. Wanachemsha majivu tu, wanaita sabuni."

Hakuwa amewahi hata kuigusa. Ulikuwa utani wa kijana aliyechoka. Lakini Régine aliinuka upesi. Alitoka nje, akasikiliza simu, akakuta kila neno limeingia.

Jumamosi, siku ambayo soko hufurika, Sébastien alimwomba apeleke dukani kwa Mama Gertrude kadi ndogo ya kuhifadhia sauti, yenye tangazo jipya. Njiani Régine aliitia kadi hiyo mfukoni, akatoa ile ya simu ya Mama Léontine, yenye maneno ya Michée. Alijua kwamba mama yake mdogo ni mmoja wa wanaopika sabuni ile. Alijiambia kwamba watu watamcheka Michée, Mama Gertrude ataacha kumpa kazi, na mambo yataishia hapo. Hasira ilimwonyesha uso mmoja tu. Aliingia dukani wakati Mama Gertrude ameshughulika na wateja, akachomeka kadi kwenye mashine ya kipaza sauti na kubonyeza.

Sauti ya Michée ilisambaa juu ya meza za nyanya na samaki. Kwanza ilisifu sabuni. Kisha kikaja kicheko, na maneno yaliyofuata. Soko likalipuka kwa vicheko. Michée alikuwa amesimama ng'ambo ya njia, na Régine alimwona akishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kuonja kitu kitamu kama dakika ile.

Mama Gertrude alikizima kipaza sauti na kuitupa kadi mezani. "Nani alileta hii?" aliuliza, lakini Régine alikuwa amekwisha kupotea katikati ya watu.

Siku ile ile Mama Gertrude aliacha kumpa Michée kazi. Sébastien alidhani kwamba mikro yake haikuzimika vizuri na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyechanganya kadi. Maduka mengine nayo yaliogopa, yakaacha kumwita. Shuleni hakuna aliyelia tena kama mbuzi; wote walikuwa wakizungumza habari za maji ya betri. Régine alisikiliza kila kona, akishiba. Alipita makusudi mbele ya nyumba ya kina Michée ili amwone akiwa ameketi bila kazi. Alipomwona, alitembea polepole zaidi.

Lakini maneno hayakuishia kwa Michée. Mteja aliyekuwa ameshika mche wa sabuni aliurudisha. Mama mmoja alisema mtoto wake ana vipele, na labda ni sabuni hiyo. Mwingine alisisitiza kwamba amesikia kwa masikio yake, duka lenyewe limekiri. Miche ya sabuni ilianza kurundikana hadi mlangoni.

Siku moja Régine aliporudi kutoka shule alimkuta Mama Léontine ameketi uani mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mama mudogo, juu ya nini hauko kwa kazi?"

"Mama Gertrude ametuambia tubaki nyumbani," Léontine alijibu. "Sabuni haiuzike. Hata hapa bombani wananiuliza kama siye tunatia sumu. Nimepika ile sabuni na mikono hii, Régine. Nafua nayo nguo zako." Aligeuza viganja vyake akavitazama, kama mtu asiyevijua.

Régine alitamani kusema kwamba ni kosa la Michée. Lakini alikumbuka nani aliichomeka kadi ile. Alipiga magoti mbele ya mama yake mdogo akamweleza yote, tangu mlio wa mbuzi.

Léontine hakumpiga wala hakumfokea. Alijifunga kitenge vizuri. "Simama. Tunaenda kwa Mama Gertrude. Utasema weye mwenyewe."

Mama Gertrude aliwasikiliza akiwa amekunja mikono. Régine alipomaliza, alimtazama kwa macho makavu.

"Soko lote lilisikia ule uongo," alisema. "Soko lote litasikia ukweli. Siku ya soko utasimama hapa mlangoni, utasema na kinywa chako, si kadi. Na Michée atakuwa hapa."

Siku hiyo ilipofika, watu walijaa mbele ya duka. Léontine aliweka beseni la maji juu ya meza. Mama Gertrude alimpa Régine mikro. Michée alisimama pembeni, ameinamisha uso. Régine alimtazama, na hasira ikapanda tena kama moto uliotiwa kuni. Angeweza kulitaja jina lake hapo mbele ya wote, aeleze alivyomdhihaki, aongeze na mengine. Hakuna ambaye angemzuia. Alivuta pumzi.

"Majina yangu ni Régine," alisema. "Maneno mliyoyasikia hapa yalikuwa utani wa studio. Hayakuwa ya kweli. Mimi niliyaleta bila ruhusa, kwa sababu nilikuwa na hasira na mtu. Sabuni hii inapikwa na mama yangu mdogo na wenzake. Nguo niliyovaa imefuliwa nayo. Mikono iliyoipika ndiyo hii hapa. Njooni muitazame."

Sauti yake haikutetemeka. Léontine alitumbukiza mikono majini akaanza kufua kitambaa. Ndipo Mama Gertrude akamwita Michée.

"Weye ulisema inakula mikono. Kuja, unawe."

Michée alinawa mbele ya soko zima, hadi kwenye viwiko, masikio yakiwaka kwa aibu. Aliinua mikono yake mizima, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliifahamu, "Nilisema uongo. Munisamehe." Mama mmoja alisogea kunusa sabuni, kisha mwingine. Kabla ya jioni miche ilianza kupungua, na wiki iliyofuata wanawake waliitwa warudi kazini.

Watu walipotawanyika, Michée alimsogelea Régine. "Sikujua mambo ya mbuzi inakuumiza vile."

"Ulijua."

Michée alijifuta mikono iliyolowa. "Ndiyo. Nilijua. Unisamehe."

Hawakupeana mikono siku ile, lakini Régine aliitikia kwa kichwa.

Bwana Katsuva, mfanyabiashara wa samaki wa Kasenyi, alikuwa amesikiliza yote. Alimwuliza Mama Gertrude kama yule msichana angekubali kumtangazia samaki wake. Mama Gertrude alimwita Régine kando kwanza.

"Michée alikukosea, na ulikuwa na haki ya kukasirika," alimwambia. "Ungekuja kwangu, ao kwa Sébastien, tungemukalisha chini na kumukanya. Weye ukataka kumuumiza mbele ya watu wote, na walioumia ni mama yako na wenzake. Sasa unaanza kazi ya sauti. Watu watakupa majina yao uyabebe kinywani, na watakula kwa yale utakayosema. Ukiwa na hasira, usishike mikro. Sema na mwenye kosa, ao na mutu mukubwa, mpaka moyo upoe. Unasikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi enda. Mwenye samaki anakungoja."