Nilimwazima Ukoo, Kisha Nikamnyang'anya

Nina miaka hamsini na miwili. Naishi peke yangu Kasingirima, hapa Ujiji, chumba kimoja, na kazi yangu ni kuuza mawese na samaki, mgebuka wa kukausha. Shule niliishia darasa la nne. Mnisamehe kama maneno hayajapangwa, maana naandika kwa mkono wangu na hakuna aliyenisahihishia.

Nimekaa kimya miaka mingi. Sasa nasema, na wenye makosa nawataja. Leokadia. Asteria. Na wa tatu ni mimi, Mama Shukuru.

Miaka ile ya wakimbizi wa vita ya ng'ambo nilikuwa nimepanga Buzebazeba, mtaa mwingine wa hapa hapa. Mume wangu alikwishavuka ziwa kwenda Kongo na mwanamke mwingine. Mtoto wangu Shukuru surua ilimchukua. Nikabaki na jina la kuitwa tu... Mnajua uchungu wa kuitwa mama kila siku na mtoto mwenyewe hayupo?

Ndipo nikampata Konsolata.

Nilimkuta ufukweni Kibirizi asubuhi, amekaa kando ya mitumbwi, kitenge kimelowa, mguuni ana kiatu kimoja cha plastiki, cha kijani. Aliniamkia kwa Kirundi. Mimi Muha nikamjibu kwa Kiha, tukaelewana bila taabu. Mumewe ameuawa. Kambini hataki kwenda, kwa sababu watu wa mlima wao, yaani kijiji chao, wale wale waliomchomea nyumba, walikwishatangulia huko, wanapanga foleni ya mahindi kama wengine.

"Dada," akaniambia, "nikienda kule nitalala jirani na wenye moto."

Nilimchukua. Mwenye nyumba nikamwambia huyu ni mtoto wa shangazi yangu, wa Kidahwe. Nani angebisha?

Kile kiatu hakukitupa. Alikitundika kwenye msumari juu ya mlango wetu. Wapangaji wakimuuliza, anacheka: "Nilitoka kwetu na kiatu kimoja, cha pili kiko njiani kinanifuata!" Uwani wakamwita Mama Kiatu Kimoja. Jina likamkaa, na yeye akaitika.

Miaka miwili tulilala kitanda kimoja. Nikiamka nalia kwa ajili ya Shukuru, yeye ndiye aliyenishika mkono. Alishika tu... Tangu hapo sijashikwa mkono namna ile na mtu yeyote.

Halafu akaja Leokadia.

Alikuwa mtumishi wa serikali kutoka Kilimanjaro, ameruhusiwa kwenda kusomea udaktari. Si ule wa sindano, ule wa vitabu. Alipanga chumba cha kona kwenye nyumba yetu, akatafuta mtu wa kumfasiria kwa wanawake wa kambini. Nikaipata mimi hiyo kazi.

Alikuja na maswali yamechapwa, kurasa na kurasa. Wanawake wakamjibu: Ndiyo. Hapana. Mungu anajua. Mwezi mzima! Akatuma majibu kwa msimamizi wake chuoni. Barua iliporudi aliisoma ameketi kitandani, machozi yanamdondokea mapajani. Ameambiwa atupe yote. Kwamba amekwenda kwa watu na jibu lake mfukoni, anatafuta wa kulikubali. Aanze upya, asikilize, na nadharia ichipue yenyewe kutoka kwenye maneno ya watu.

"Mama Shukuru, nadharia inachipuaje?" akaniuliza. "Nimesoma miaka yote hii, sijawahi kuambiwa nianze bila kujua."

Nikamwambia, mbona mimi kila siku naenda sokoni sijui nitapika nini, mpaka nione kilicholetwa? Akanitazama... akachukua daftari, akaandika! Jamani, maneno ya mtu wa darasa la nne yanaandikwa na msomi! Hapo ndipo aliponinasa.

Tukaanza upya. Wanawake wakasimulia walivyotaka, hata siku nzima. Tukirudi, tunakata vikaratasi, kila kimoja neno moja la mtu, kama alivyolitamka, jina hakuna. Tunavibandika ukutani chumbani kwake kwa uji wa muhogo. Kisha tunalinganisha. Hili na hili yanafanana? Kama hayafanani, kwa nini? Tusipopata jibu, tunarudi kambini kuuliza tena. Wakati mwingine ukuta mzima alioupanga jana leo anaubandua, anapanga upya, analaani, anacheka. Nami nilizoea ile kazi kuliko yeye.

Siku moja nimesimama mbele ya ule ukuta, nikaona kitu.

"Dada Leo," nikamwambia, "hawa wote wanafanya jambo moja. Wanaazima ukoo. Wa kuzaliwa umekufa au umebaki ng'ambo, basi mtu anaazima shangazi, anaazima kaka, apate kuishi."

Leokadia alikaa chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaandika kwenye kikaratasi kwa herufi kubwa, KUAZIMA UKOO, akakibandika katikati, na vingine vyote akavizungusha pale. Akanikumbatia! Siku ile nilijiona mtu. Nilitembea mpaka bombani kuchota maji natabasamu peke yangu.

Laiti ingeishia pale...

Msimamizi akaandika tena. Wanawake wako wote ni wa kambini, akasema. Tafuta aliye tofauti, ambaye hakupita kambini kabisa, tuone kama nadharia yako inasimama au inaanguka. Leokadia akazunguka Ujiji nzima hakupata. Nani angejitaja? Akaanza kukonda. Akasema asipompata atarudi mikono mitupu. Akaniuliza mimi, kwa sauti ya kubembeleza, kama namjua yeyote.

Mungu wangu! Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja!

Konsolata alikataa. Nikamwambia jina lake litaondolewa. Akanijibu:

"Jina ataliondoa, sawa. Na maneno yangu je, nayo atayaondoa?"

Sikumwelewa. Au sikutaka kumwelewa. Nikamwambia, mimi nilipokuokota ufukweni niliuliza maswali? Hiki kimoja tu nakuomba, unaninyima? Nilimbana kwa wema wangu mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Akakubali. Alisimulia mchana mmoja, mlango umefungwa, macho yake kwenye sakafu. Leokadia alifurahi, akajaza daftari zima. Nadharia imesimama! Jioni ile kikaratasi kipya kilikuwa ukutani: "Niliingia mtumbwini na kiatu kimoja."

Jina hakuna. Kanuni imefuatwa.

Chumba kile kilikuwa na joto, Leokadia aliacha mlango wazi. Asteria, mpangaji mwenzetu, alikuwa amekitolea macho chumba chetu siku nyingi, akitaka mdogo wake ahamie. Aliingia kuomba kiberiti. Asteria alikuwa anajua kusoma vizuri.

Kesho yake tunaanika nguo, akasema kwa sauti uwani wote wasikie:

"Mama Kiatu Kimoja! Hebu tuambie shoga, Kidahwe siku hizi wana bandari?"

Watu wakacheka, hawajui wanachochekea.

"Maana mimi najua Kidahwe iko barabara ya Kasulu. Sasa huko mtu anapanda mtumbwi gani? Wa kwenye vumbi?"

Konsolata hakumtazama Asteria. Alinitazama mimi.

Wiki haikuisha, wakaja watu wa uhamiaji. Kulikuwa na msako wa wanaoishi nje ya kambi bila kibali, lakini vyumba vingine hawakuvipapasa, walikuja moja kwa moja kwenye mlango wetu. Ofisa alikuwa mtu mpole, kusema kweli. Aliniamkia, "Habari za hapa, mama?" Kisha akamwonyesha Konsolata kwa kalamu. Huyu ni ndugu yako?

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni, kile kiatu kinaning'inia juu ya kichwa chake. Asteria kakunja mikono. Mlango wa Leokadia, ambao siku zote ulikuwa wazi, siku hiyo umefungwa, na mwenyewe nilimsikia anakohoa ndani! Mtu mwenye barua zenye mihuri! Angetoka aseme neno moja tu...

Lakini aliyeulizwa ni mimi. Nilisikia kwamba wanaoficha watu wanashtakiwa. Ningesema "ni mtoto wa shangazi yangu" kama nilivyosema miaka miwili kwa kila mtu. Maneno matano tu!

Nikasema: "Ni mpangaji mwenzangu. Ukoo wake siujui."

Konsolata hakulia. Alifunga kitenge chake, akachukua bakuli na nguo mbili, akatoka. Kiatu hakukichukua.

Nilimfuata Leokadia kumuuliza kwa nini alijifungia. Akanijibu kwamba mtafiti haingilii. Eti haingilii! Siku chache baadaye akaniambia sasa kila anachosikia amekwishakisikia, hakuna kipya, na kwa utaratibu wa masomo yake hapo ndipo pa kuacha. Akabandua vikaratasi vyake, akavifunga kwa uzi, akapanda treni.

Mimi nikaenda kambini, walikompeleka Konsolata. Nilisimama getini tangu asubuhi, jua likanipiga. Mwanamke mmoja niliyewahi kumfasiria akakubali kunipelekea ujumbe. Alirudi peke yake, anaona haya.

"Amesema hana ndugu Buzebazeba."

Sikuona uso wake tena. Mwaka uliofuata niliambiwa ameondoka kambini. Kaenda wapi? Hakuna anayejua. Asteria alimleta mdogo wake, mimi nikahamishia kitanda changu Kasingirima, na tangu siku hiyo upande wa ukutani sijawahi kuulalia. Ni wa Konsolata.

Kitabu cha Leokadia kilikuja baada ya miaka, kimepitia mikononi mwa mtu. Kinene, Kiingereza kitupu. Nikampelekea mwalimu jirani yangu, kijana wa Dodoma aliyehamishiwa huku. Akafungua.

"Mama, ni nadharia nzuri sana hii," akasema. "Inaitwa kuazima ukoo. Ameiacha kwa Kiswahili hivyo hivyo."

Nikamwomba atafute jina langu. Akapekua mwanzo mpaka mwisho. Hakuna. Mbele kuna mstari mmoja wa kumshukuru "mfasiri wa kienyeji". Nikamwomba atafute kiatu. Kiatu kilikuwepo! Ukurasa mzima!

Nikamuuliza, je, ameandika aliyeazimwa ukoo akinyang'anywa inakuwaje?

Akatafuta muda mrefu. "Hapana mama. Hapo hajafika."

Hajafika... Daktari Leokadia aliacha kusikiliza mapema. Kipya kilikuwepo, kilitoka kinywani mwangu mlangoni pale, na yeye nyuma ya mlango wake alikisikia. Hakukiandika.

Wasomaji wenzangu, mtu akikuamini siri yake usiitoe, hata kwa elimu, hata jina likifutwa. Maneno ya mtu yana sura yake, wanaomjua watamwona. Na ukishamwambia mtu wewe ni ndugu yangu, siku ya kuulizwa ndiyo siku yenyewe. Msifanye nilivyofanya. Nawasihi!

Kiatu cha kijani kiko msumarini juu ya mlango wangu. Chini yake nimebandika kikaratasi, kwa uji wa muhogo, kama tulivyokuwa tunafanya. Nimeandika mwenyewe: "Ni mtoto wa shangazi yangu."

Kila anayeingia namsomea. Ila wanaoingia ni wachache.