Blanketi Jekundu

"Bwana, umenuna kama tunakupeleka jela!" Kinyozi alinipiga bega. "Tazama milima hiyo!"

"Milima nimeiona. Mngenipeleka kwa basi."

Mkewe akacheka. "Shemeji, leo unamvisha pete Mpishi, halafu uso umevimba hivyo?"

Mpishi, mwanamke niliyempenda baada ya kuapa sitapenda tena, alikaa mbele yangu. Hakucheka. Tangu tulipoacha mashamba ya tambarare tukaanza kupanda, alikuwa anakunja leso na kuikunjua.

Nilijua kilichokuwa baada ya handaki la reli lililo mbele: stesheni yetu. Wakubwa wa reli waliifunga, eti haina faida. Faida! Wao wakiumwa kichwa wanapanda ndege. Marehemu mke wangu alipozidiwa, barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Nikambeba mpaka stesheni. Treni ilipotokea nikamvua blanketi lake jekundu, nikalipunga kama kichaa. Hata mtoto anajua nyekundu ni simama. Ikapita. Akanifia mikononi, pale pale jukwaani.

"Walioniona siku ile wakanipita," nikawaambia, "Mungu asinikutanishe nao."

Simu yangu ikatetemeka. Ujumbe. Ametuma Mpishi, na magoti yetu yanagusana!

"Gadi wa treni ile nilikuwa mimi. Nilikuona. Bosi alishatuambia atakayesimamisha hapo hana kazi. Nikaogopa. Kesho yake kazi yenyewe nikaiacha. Uliponisimulia habari ya blanketi, nilikuwa nimeshakupenda. Siwezi kuvaa pete yako nikiwa nimenyamaza."

Nikasimama. "Muuaji! Unanipikia, unanichekea, kumbe unajua!"

"Kuna nini tena?" Kinyozi akaruka. Nikamtupia simu asome mwenyewe.

"Nitukane," Mpishi alisema. "Lakini na bosi aliyetoa amri mtukane."

"Bosi wako hajakaa mbele yangu! Uliyekaa ni wewe!"

Tukaingia handakini. Giza lote lile nilisikia leso tu ikichanika.

Mwanga uliporudi, jukwaa la stesheni likatokea, majani yameota kwenye nyufa. Mpishi akainuka, akavunja kwa kiwiko kioo cha breki ya dharura, akaivuta kwa mikono miwili.

Treni ikapiga yowe. Mabegi yakatuangukia. Ikasimama.

Msimamizi wa treni akaja mbio. "Nani kavuta? Stesheni hii imefungwa!"

"Mimi," Mpishi alisema. Akanigeukia. "Nilipaswa kuvuta siku ile. Shuka ukamuage mkeo. Nimechelewa, najua."

Tangu mazishi hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kuniambia amekosa. Waliniletea barua ya pole yenye muhuri, jina la marehemu wamelikosea.

Msimamizi akamkamata mkono. "Shuka! Utawangojea polisi hapa hapa!"

"Mwachie."

"Wewe nani?"

"Ugomvi wangu na huyu ni wa nyumbani kwetu. Nyinyi wa reli zamu yenu inakuja. Na akishuka, tunashuka wawili."

"Wanne," Kinyozi akadakia, mkewe tayari anakusanya mabegi.

Nikatangulia mlangoni. Mpishi akasita juu ya ngazi, kiwiko kinavuja damu.

"Hujanisamehe," aliniambia.

"Sijakusamehe." Nikampa mkono. "Hiyo ngazi ya chini imeoza. Kanyaga hapa."