Mshono wa Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sisimizi aliteka maji, akawaosha uso wadogo zake mapacha, kisha akamvua mama viatu. Mama alikuwa ametoka zamu kiwandani, akajitupa kitandani navyo miguuni.

"Mwanangu, umekula?" mama aliuliza asubuhi moja, macho yakiwa yamefumbwa.

"Nimekula, mama," alijibu, ingawa hakuwa ameonja kitu. Jina la Sisimizi alipewa na wenzake kwa sababu hakutulia hata siku moja.

Miaka hiyo watu walikuwa wameshaanza kupeleka maputo kwenye sayari ya Zuhura. Chini kule joto huyeyusha hata madini ya risasi, lakini juu, mawinguni, puto zima linaweza kuelea na kupima hewa. Likivuja tu, linashuka polepole hadi linaungua. Darasa la Sisimizi lilikuwa limepewa puto moja la kuunganisha, na gari la kulichukua lingefika kesho yake.

Mishono ilikuwa kumi na miwili. Ili kuikagua, walilijaza puto upepo, kisha mkaguzi akalowesha shavu na kulipitisha taratibu juu ya mshono. Penye tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, shavu huhisi ubaridi. Mshono ukiwa mzima, mkaguzi anaandika alama yake kwa chaki.

Sisimizi alipewa mshono wa tisa. Aliweka shavu. Puto lilikuwa laini kama mto wa kulalia. Usingizi ukamchukua hapo hapo.

"Wewe, umemaliza?" Domo, rafiki yake, alimtikisa bega.

"Nimemaliza," alisema kwa kushtuka, akaandika alama.

Kesho yake gari lilipofika, wenzake walikuwa wanalikunja puto huku wakiimba. Sisimizi alisimama pembeni. Alimwendea mwalimu wa sayansi.

"Mwalimu, mshono wa tisa sikuukagua. Nililala."

"Ala! Si ungesema jana?" Domo alifoka. "Dereva anasubiri!"

Mwalimu alijifuta uso. Naye alionekana hoi. "Lijazeni tena," alisema.

Walilijaza. Sisimizi alipitisha shavu kwenye mshono wa tisa, shibiri kwa shibiri. Ulikuwa mzima.

"Tumetoka jasho la bure," Domo alinung'unika.

"Kwa kuwa limeshajaa, tupitie yote," Sisimizi alisema kwa sauti ndogo.

Walipofika mshono wa nne, Domo mwenyewe aliruka. "Baridi! Hapa panavuja!"

Wote walitazama alama ya chaki. Ilikuwa ya mwalimu.

Mwalimu aliketi juu ya kasha. "Huo niliukagua nusu," alisema. "Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikaandika kana kwamba nimeumaliza. Wanangu, kuchoka si kosa. Kosa ni kuandika kazi ambayo hukuifanya. Aliyechoka aseme, mwenzake ampokee. Leo mwenzenu amesema, na mimi nimejifunza."

"Basi mwalimu naye apumzike, gundi napaka mimi," Domo alisema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, walicheka.

Gari liliondoka alasiri. Miezi mingi baadaye shule nzima ingepata habari kwamba puto lao linaelea salama juu ya Zuhura. Lakini siku hiyo Sisimizi alijua tu kwamba miguu inamuuma.

Nyumbani, mama alikuwa anafunga kamba za viatu, anajiandaa kwenda kazini.

"Umekula?"

"Sijala, mama. Tangu asubuhi. Na nimechoka."

Mama aliacha kamba. Akamvuta mwanawe karibu.

"Mbona ulikuwa unanificha? Nisipojua umechoka, nitakupokeaje?" Akasukuma ndoo kando. "Keti. Maji nitateka mimi."