Nguzo ya Chumba cha Kaskazini

"Suyun, usikate simu! Mtoe baba yako ndani. Sasa hivi!"

Suyun alikuwa akikoroga uji wa mtama. Wiki tatu hakuwa amepokea simu ya Dalin.

"Una uso gani wa kunipigia?"

"Nitukane baadaye. Vipimo vimeruka tangu asubuhi. Nguzo ya chumba cha kaskazini inazama, mtambo wa kuchimba uko chini yenu."

Kwa miezi minne Dalin alikuwa akija pale uani kwao akijiita mwanafunzi wa uchoraji. Alichora vigae na milango, akala tambi za baba yake, akamwambia Suyun anampenda. Kumbe alikuwa mpimaji wa wale wanaochimba njia ya treni chini ya kichochoro chao. Suyun aliliona jina lake kwenye tangazo la ukutani.

"Mnataka tutoke mtubomolee? Kama Mama Jin?"

Mama Jin, jirani, alipigiwa kelele na wabomoaji kwamba gesi inavuja. Akatoka mbio na kandambili moja. Aliporudi, hana paa.

Suyun akakata simu. Ujumbe ukaingia papo hapo: "Gusa ukuta."

Akaugusa. Ulikuwa ukitetemeka kama mtu mwenye homa. Akauacha uji, akakimbilia ndani.

Mzee Guan, baba yake, alikuwa chumba cha kaskazini akinyoa ndevu.

"Baba, tutoke kidogo."

"Kakwambia nani? Yule mchoraji wa uongo?"

"Ukuta unatetemeka, Baba!"

"Uache utetemeke. Nyumba hii inabebwa na nguzo, si ukuta. Imesimama tangu enzi za wafalme. Tetemeko la ardhi la mwaka sabini na sita halikuangusha hata kigae. Walipobomoa ukuta wa kale wa mji nilitazama, nikanyamaza. Hapa sinyamazi."

Suyun akabaki mlangoni. Kukaa aliogopa, kutoka aliogopa. Je, kama wabomoaji wanasubiri pale nje?

Lango likasukumwa. Dalin akaingia peke yake, tope hadi magotini.

"Mzee Guan, tafadhali, tokeni."

"Toka wewe, tapeli!"

Dalin akavuta kigoda, akaketi kando ya mzee.

"Basi na mimi sitoki. Kama nimedanganya, tutakunywa chai. Kama ni kweli, nyumba itatuangukia wote."

"Dalin, una wazimu?" Suyun alipiga kelele.

Macho ya Dalin yalikuwa juu, kwenye boriti. Midomo imemkauka, kigoda amekishika kwa mikono miwili. Suyun akamtazama, na hofu yake yote ikahamia upande mmoja, kwenye paa.

"Baba, mwangalie! Tapeli gani anaogopa paa namna hii?"

Nguzo ikalia, kwa sauti nzito ya mti unaochanika. Vumbi likawamwagikia.

"Baba! Mama alishafariki. Na wewe ukifia humu, mimi nabaki na nani?"

Mzee Guan akainuka, povu bado shavuni. Dalin akamshika mkono huu, Suyun ule. Walikuwa hawajafika katikati ya ua nguzo ilipozama kama mguu kwenye matope. Boriti ikakatika. Paa lote likashuka.

Walitokea kichochoroni, majirani wakawazunguka. Suyun akamgeukia Dalin.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Mwanzo niliogopa mtanifukuza. Halafu nikaogopa kukukosa. Leo msimamizi kasema tusimwambie mtu mpaka zamu iishe. Nikatupa kofia ya kazi nikaja."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nimeogopa, Dalin. Nilidhani nawazika wote wawili." Akamkumbatia mbele ya majirani, akalia kwa sauti.

Mzee Guan alikuwa akiyatazama mavumbi ya nyumba alimozaliwa. Akajifuta povu shavuni. Mwishowe akageuka.

"Wewe mpimaji."

"Naam, Mzee."

"Umekula?"

Dalin akatikisa kichwa. Machozi yakamshinda.

"Mama Jin kapanga chumba kule mtaa wa pili," mzee akasema. "Twendeni akatupikie. Na huko ndani mtanieleza, nyote wawili, arusi ni lini."