Mkono wa Kulia wa Shamsia

Kila adhuhuri Othman alirudi kutoka soko la nguo la Shahe, akapakua wali, akamlisha mkewe Shamsia tonge baada ya tonge. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu Shamsia ateleze kwenye ngazi za soko hilo, hapa Guangzhou, China, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Daktari alimpasua, akauunga mfupa kwa bamba la chuma. Tangu hapo mkono ulilala ndani ya kanga iliyofungwa shingoni.

“Usiutikise,” Othman alimwonya. “Chuma kitafyatuka.”

Shamsia alitii, lakini matonge yalishuka machungu. Vidole vilivyozoea kupima ubora wa vitambaa sasa havikuweza hata kufunga kifungo.

Siku moja Agripina, jirani wa ghorofa ya juu, aliingia kuomba chumvi. Alikuwa mwenyeji wa Bukoba, akisomea tiba ya viungo katika chuo kimoja mjini. Akalitazama tonge mkononi mwa Othman, likielekea kinywani mwa Shamsia.

“Shemeji, umeoa au umezaa?”

Othman akacheka. Shamsia hakucheka.

Agripina akaifungua kanga taratibu. Vidole vilikuwa vimevimba na kukakamaa.

“Kunja ngumi, dada.”

Havikukunjika hata nusu.

“Hospitali haikuwapa maelekezo?”

Othman akatoa karatasi ya Kichina kwenye mfuko wa pasipoti. Hakuwahi kuikunjua. Ndani mlikuwa na picha: vidole vikikunjwa na kukunjuliwa, tangu siku ya kwanza.

“Umeitunza vizuri, mume wangu,” Shamsia alisema. “Kama ulivyoutunza mkono wangu.”

“Nilikuonea huruma.”

“Huruma yako imenikausha vidole.”

“Basi nitafute mtu aukande!”

“Asiukande wala kuuvuta mtu kwa nguvu,” Agripina alisema. “Kinachopumzishwa ni mfupa, si vidole. Kesho rudini kwa daktari, aone kama mfupa umeunga. Akiruhusu, dada, kunja na kukunjua vidole mara nyingi kwa siku. Kamua kitambaa laini katika maji ya vuguvugu. Funga vifungo mwenyewe. Ukiketi, weka mkono juu ya mto, uvimbe upungue. Usibebe mzigo mpaka daktari aseme. Mkiona usaha, homa au ganzi, kimbilieni hospitali.”

“Mkono utarudi kama zamani?” Shamsia aliuliza.

Agripina hakumdanganya. “Utafanya kazi. Zamani siwezi kukuahidi.”

Daktari aliruhusu. Shamsia alifanya mazoezi huku akilia. Othman naye alijifunza kazi iliyomshinda: kuketi na kutazama. Kifungo kimoja kilichukua robo saa. Wali ulimwagika mkekani siku baada ya siku.

Mwezi wa tatu tangu ajali walimwalika Agripina chakula. Othman akanyoosha mkono kwenye sahani ya mkewe.

“Niache,” Shamsia alisema. Akafinyanga tonge kwa mkono wa kulia. Likafika kinywani zima.

“Haya, shemeji,” Agripina alisema, “sasa una mke.”

Baada ya kula, Othman aliinua mikono kuomba dua. Shamsia naye akainua. Kiganja cha kushoto kilielekea juu. Cha kulia kiligoma kugeuka, kikabaki kimesimama upande. Othman alikiona, akainamisha macho.

“Amina,” Shamsia alisema. Akaanza kukusanya sahani, kwa mikono miwili.